Mitumbwi ya Mwambao wa Mara na Njia ya Ningu

Mtu asimamaye Kewanja halioni ziwa. Aonacho ni vilima vya Tarime, mashamba, malisho ya ng'ombe wa Wakurya, na tangu mwaka 2002 vifusi vya mgodi mkubwa wa dhahabu. Lakini upande wa kusini, mwendo usiochosha miguu, unapita Mto Mara. Mto huo hushuka kutoka nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ukakata mbuga za Maasai Mara na Serengeti, ukageukia magharibi, ukajitawanya katika mafunjo mapana, na mwisho ukaingia Ziwa Viktoria karibu na mji wa Musoma. Basi Kewanja na ziwa ni majirani wasioonana. Zamani, kila masika yalipofika, jirani wa bondeni alimpelekea mwenziwe wa mlimani salamu, na salamu hizo zilikuwa samaki.

Samaki mwenyewe ni ningu. Ana mdomo uliogeuka chini, nao ameumbiwa kwa kukwangua chakula juu ya mawe. Maisha yake mengi huyaishi ziwani, lakini mvua zikinyesha na mito ikifura, hupanda juu makundi kwa makundi kwenda kutaga mayai penye majani yaliyofunikwa na maji. Kisha hurudi, na wadogo hufuata baadaye. Alijulikana katika mito mikubwa iingiayo upande wa mashariki wa ziwa, kama Nzoia na Mara, na watu wa kando ya mito hiyo walimngoja kwa migono na nyua za miti, kama wakulima wangojavyo mavuno. Mtu wa bara hakuhitaji kumiliki chombo wala kuujua upepo. Mto ulimletea.

Leo ningu hajatoweka, ila yale makundi yaliyoupa msimu jina lake yamekuwa habari za wazee. Sababu yake haiko mtoni. Iko kwenye mlango wa mto na katika ziwa lenyewe, na mtu hawezi kuieleza asipoeleza kwanza habari za mtumbwi.

Mwambao wa ziwa katika Mkoa wa Mara si mwambao wa upole. Mahali pengi hapana ufuko wa mchanga wa kuvutia chombo. Pana majabali ya matale yaliyorundikana toka mlimani hadi majini, mengine yakiwa yamejificha kiasi cha shubiri chini ya uso wa maji. Rasi ya Majita imesimama na mlima wake kama mlinzi, visiwa kama Rukuba vimetawanyika mbele yake, na kaskazini ziko ghuba za Mara, Mori na Shirati, kila moja na midomo yake ya mawe na vichaka vya matete. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na ya karibukaribu kuliko ya bahari. Hayakipi chombo nafasi ya kupumua baina ya moja na jingine. Katika maji kama hayo chombo kirefu kigumu huvunjika, na chombo kidogo kikiwa chepesi mno hupinduka. Wajita, Waruri, Wakwaya, Wasuba na Wajaluo waliokaa katika mwambao huo iliwapasa wapate chombo kilicho baina ya mambo hayo mawili.

Walikuwa na mitumbwi ya gogo moja, nayo iliwafaa katika mafunjo na maji ya ndani. Lakini chombo kilicholitawala ziwa kilikuwa cha mbao zilizoshonwa, kile ambacho jina lake limefungamana na visiwa vya Sese upande wa Buganda. Mkuku wake ulikuwa gogo lililochongwa, na juu yake zilipandishwa mbao zilizotobolewa matundu pembeni, kisha zikashonwa kwa nyuzi za mimea na kuzibwa. Msomaji aijuaye historia ya pwani ataikumbuka mitepe ya Lamu, ambayo nayo ilishonwa kwa kamba pasipo msumari hata mmoja. Hapana haja ya kusema kwamba mmoja alimfundisha mwingine; shida iliyo sawa huzaa akili iliyo sawa. Chombo kilichoshonwa hulegea kidogo wimbi linapokipiga, na kulegea huko ndiko kupona kwake. Tena ncha ya mkuku ilitangulia mbele ya mbao, hata jiwe likigongwa, pigo lilipokewa na gogo. Ubaya wake ni kwamba maji yaliingia siku zote. Hapakuwa na safari isiyokuwa na mtu wa kukumba maji, na kazi hiyo aghalabu ilikuwa ya kijana aliye mdogo kuliko wote. Aliianza ujuzi wa uvuvi kwa kata mkononi, akitazama miguu ya wakubwa.

Uwezo wa vyombo hivyo haukuwa mdogo. Henry Morton Stanley, aliyelizunguka ziwa mwaka 1875 kwa boti lake la vipande liitwalo Lady Alice, aliona majeshi ya Kabaka Mutesa yakienda vitani kwa mitumbwi aliyoikadiria zaidi ya 200, na mmoja wao aliupima akaona unazidi futi 70. Stanley mwenyewe alikuwa amepita mbele ya miamba ya Majita katika safari hiyo, akitokea kusini na kushika njia ya mashariki, na Ulaya ikasoma habari zake kana kwamba mwambao huo ulikuwa haujapata kuonwa na mtu. Waliomtazama kutoka juu ya mawe walikuwa na vyombo vyao vimefungwa chini.

Mvuvi wa kawaida hakuwa na mtumbwi wa futi 70. Chake kilikuwa kidogo, cha watu watatu au wanne, na udogo huo ndio uliomwekea mpaka. Safari yake ilitawaliwa na pepo mbili. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka barani kwenda ziwani. Mchana jua likipanda, mambo hugeuka na upepo wa ziwa huja nchi kavu. Mwenye akili hutoka na ule wa kwanza na kurudi na huu wa pili. Tanga la pembetatu la namna ya majahazi ya pwani lilipoenea ziwani, safari ilirefuka. Hata hivyo mwendo wa kafi na tanga ni mwendo wa siku moja tu, na mvuvi alikaa katika ghuba yake na kwenye mawe aliyoyajua kwa majina. Alivua kwa ndoana, kwa migono, na kwa nyua za matete. Samaki wa kati ya ziwa alikuwa salama, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumfikia wala zana ya kumshika kwa wingi.

Kilichobadili mambo hakikuwa chombo. Mtumbwi ulibaki karibu vile vile, ila msumari ulichukua nafasi ya uzi. Kilichobadilika ni wavu.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, mahali paitwapo sasa Kisumu, na mara bandari hiyo ikawa mlango wa soko. Mwaka 1905 nyavu za kutega zilizofumwa kwa kitani, za namna iliyotumika Ulaya, zilitiwa kwa mara ya kwanza katika ghuba iliyo mbele ya mji huo.  Samaki aliyelengwa alikuwa ngege, perege wa asili wa ziwa, ambaye nyama yake ilisifiwa na watu wote, wenyeji kwa wageni. Katika miaka ile ya mwanzo wavu mmoja uliolala majini usiku kucha uliweza kushika ngege kati ya 50 na 100. Mtu aliyezoea kupata samaki mmoja mmoja kwa ndoana angewezaje kuukataa? Nyavu zikaenea kutoka ghuba hadi ghuba, zikifuata njia za meli na maduka ya bandarini, mpaka mwambao wa Mara nao ukawa wa nyavu.

Haikupita miaka 25 hesabu ikaanguka. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alitumwa kulichunguza ziwa, akakuta kwamba katika ghuba ile ya Kisumu wavu mmoja haukupata hata ngege 10 kwa usiku. Taarifa yake ya mwaka 1929 ilitoa shauri lililo wazi: macho ya nyavu yasipungue inchi 5, ili ngege apate kuzaa kabla ya kushikwa, na ziwa zima liwe chini ya mamlaka moja, kwa kuwa samaki hajui mpaka wa serikali. Sheria ya macho ya inchi 5 ilikuja. Mamlaka ya pamoja ilichelewa. Idara ya Uvuvi ya Ziwa Viktoria ilianzishwa mwaka 1947 tu, wakati nyavu zilikuwa zimekwisha kuzoeleka katika kila kijiji cha wavuvi.

Ni rahisi kumlaumu mvuvi kwamba aliivunja sheria hiyo. Lakini tazama hali yake. Chombo chake hakiwezi kwenda mbali, ghuba yake imekwisha samaki wakubwa, na waliobaki ni wadogo wapitao katika macho ya inchi 5 kama watu wapitao mlangoni. Kumwambia asubiri ni kumwambia asile. Hivyo macho yakapunguzwa kwa siri, kisha kwa dhahiri, na kati ya mwaka 1956 na 1961 serikali za Uganda, Tanganyika na Kenya ziliiacha sheria hiyo moja baada ya nyingine. Wakati huo huo nyavu za nailoni, zisizooza na zisizoonekana upesi majini, zilikuwa zimeingia sokoni. Shauri jema lilikuwa limefika kwa watu wasio na uwezo wa kulitii, nao waliolitoa hawakuwapa chombo cha kuwafikisha penye samaki wengine.

Hapo ndipo ningu alipokatiwa njia. Samaki apandaye mtoni kwa majira hujikusanya mwenyewe penye mlango wa mto, na mtumbwi mdogo usioweza kwenda kilindini unaweza kabisa kukaa hapo. Nyavu zilipangwa mbele ya milango ya mito wakati wa mvua, zikawashika mama wenye mayai kabla hawajapanda. Katika mto Nzoia upande wa Kenya jambo hili lilichunguzwa na kuandikwa katika miaka ya 1960, na uvuvi wa ningu uliokuwa mkubwa ukaonekana umeporomoka. Mtu aliye juu ya mto hakuulizwa. Kwake ilikuwa kama mvua kukataa: masika yanakuja, maji yanafura, na mgono unatoka mtupu.

Dawa iliyotafutwa baadaye ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Sangara, samaki mkubwa mla wenziwe, ambaye huweza kupita kilo 100, alitiwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950 kwa njia isiyo ya wazi, na mwaka 1962 na 1963 akatiwa tena kwa idhini. Walikuwapo wataalamu waliopinga. Waliotaka walisema kwamba ziwa limejaa furu, samaki wadogo wasio na thamani, na kwamba yafaa awepo wa kuwageuza kuwa nyama ya kuuzwa. Kwa miaka 20 hivi haikuonekana ajabu kubwa. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara akajaa ziwa zima, na furu wa aina zinazokadiriwa kuwa 200 au zaidi wakatoweka au wakawa wa shida kuonekana. Hilo ni miongoni mwa maangamizi makubwa ya viumbe wenye uti wa mgongo yaliyopata kushuhudiwa na wanasayansi.

Fedha zilikuja, hapana ubishi. Viwanda vya kukata minofu vilijengwa Mwanza na Musoma, na nyama ya sangara ikapelekwa Ulaya kwa ndege. Lakini ajabu ni kwamba mwanzo wa biashara hiyo yote ulibaki kuwa mtumbwi wa mbao. Sangara aliyeliwa mezani Ulaya alikuwa ametolewa majini na watu watatu au wanne waliokaa juu ya ubao wa upana wa mkono mmoja, mmoja wao akikumba maji. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia kwa muda samaki wa ziwa kwa habari za wavuvi waliotumia sumu, viwanda vilisimama. Mvuvi alibaki na deni la nyavu kwa tajiri aliyemkopesha.

Tena sangara haji karibu na miamba kama ngege alivyokuja matetani. Kumfuata kulimtaka mvuvi atoke, usiku, mbali na mawe aliyoyajua. Dagaa naye, aliyekuwa mmoja wa wachache waliostahimili ujio wa sangara, huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Sasa ule upepo wa usiku utokao barani, ambao wazee waliutumia kutokea, hukutana katikati ya ziwa na upepo kama huo utokao pande nyingine, na hewa yenye unyevu husukumwa juu ikawa mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba za ziwa hili huzuka zaidi usiku na alfajiri. Mtumbwi ulioundwa kwa safari ya mchana katika ghuba umejikuta kilindini saa ile ile ambayo ziwa hukasirika.

Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakafa; kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, wakafa zaidi ya 200. Taifa liliomboleza, na ilistahili. Mtumbwi ukipinduka mbele ya Majita hufa watu watatu, na habari huishia mwaloni, kwa mjane na kwa mwenye nyavu. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu waendao kuvua baharini kandokando ya miamba kwa kayaki, chombo kidogo ambacho asili yake ni cha wawindaji wa Aktiki, nao huenda kwa kujifurahisha. Mtu wa namna hiyo huitazama hali ya hewa, na siku ikiwa mbaya hubaki nyumbani. Mvuvi wa Mara naye huitazama. Lakini nyavu zake zilizotegwa jana ziko majini, na ni mali ya mtu mwingine.

Pamoja na hayo yote, mwambao wenyewe umefanya jambo ambalo sheria hazikuliweza. Wachunguzi waliochungulia chini ya maji katika miaka ya 1980 na 1990 waliona kwamba furu waishio katika mapango ya mawe, ambao wavuvi wa upande wa Mwanza huwaita mbipi, wameokoka kwa wingi kuliko wenzao wa maji wazi. Sangara ni mkubwa mno kuwinda baina ya majabali, na kokoro, ule wavu wa kukokotwa hadi ufukoni, hauvutiki penye mawe, hukwama ukachanika. Miamba iliyokuwa ikivunja mitumbwi ya wazee imekuwa ngome ya samaki wadogo. Wavulana wa mwambao bado huwavua hapo kwa ndoana, wakiwa juu ya jiwe au katika mtumbwi mdogo uliofungwa kwenye jiwe.

Mafunjo nayo yalikuwa na hifadhi yake. Karibu na mahali Mto Mara unapoingia ziwani yamo maji madogo yaliyotengwa na ziwa kwa ukuta wa mafunjo, kama vile ya Kirumi na Kubigena. Ndani ya mafunjo maji yana hewa haba, na sangara hawezi kuishi wala kupita penye upungufu huo. Uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa karne hii ulimkuta humo ngege, yule yule aliyejaa nyavu za mwaka 1905 na ambaye katika ziwa kuu amekuwa nadra sana. Wanaomvua ni watu wa karibu, kwa mitumbwi midogo isukumwayo kwa pondo, katika maji ambayo mtu aliyesimama ukingoni angedhani ni majani matupu.

Daraja la barabara itokayo Musoma kwenda Tarime linapita juu ya mafunjo hayo, hapo Kirumi. Malori yaliyopakia magunia ya dagaa wakavu huvuka juu yake kuelekea masoko ya milimani, hata Nyamongo na Kewanja, ambako samaki wa ziwa sasa hufika kwa barabara na hupimwa kwa kopo. Chini ya daraja maji ya Mara yanashuka. Mvua za masika zikianza, na maji yakiwa mekundu kwa udongo wa juu, ningu wachache huonekana wakipanda.